Kuponya kwa Maneno: Historia Fupi ya Tiba ya Nafsi na Swali la Lugha ya Mgonjwa

1. Utangulizi

Miongoni mwa njia zote ambazo binadamu amebuni ili kuyatibu maradhi ya akili na nafsi, iko moja ambayo chombo chake si dawa wala kisu, bali ni neno. Wataalamu huiita tiba ya nafsi. Mgonjwa na mtabibu huketi pamoja, hunena, husikilizana, na katika kunena huko mgonjwa hutarajiwa kupata nafuu. Mbinu zake ni nyingi, na kila moja ina waasisi, wafuasi na wapinzani wake. Vitabu vya saikolojia vinavyosomwa katika vyuo vikuu vyetu huzieleza mbinu hizo kwa kirefu. Jambo linaloelezwa kwa nadra ni lile ambalo msomaji wa jarida la lugha hawezi kulipita: ikiwa dawa ni neno, je, neno hilo ni la lugha gani, na mwenyewe ni nani?

Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo katika historia, kuanzia Vienna ya karne ya 19, kupitia Afrika ya miaka ya 1950, hadi vijiji vya Kivu katika karne hii. Tutajaribu kuonyesha kwamba tiba ya maneno ilipoletwa barani mwetu ilikwama pale ilipompuuza mgonjwa kama msemaji wa lugha na mwana wa ukoo, na ilizaa matunda pale ilipokubali kujifunza kutoka kwake.

2. Chimbuko la tiba ya maneno

Katika miaka ya 1880 hadi 1882, mganga Josef Breuer wa Vienna alimtibu msichana ambaye historia ya tiba inamjua kwa jina la Anna O. Jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim. Alikuwa na kikohozi, ganzi ya viungo, na vipindi vya kupotewa na fahamu. Breuer aligundua kwamba dalili zilipungua kila mgonjwa alipoeleza jinsi zilivyoanza. Mwaka 1895 Breuer na Sigmund Freud walichapisha kisa hicho katika kitabu chao juu ya maradhi ya histeria, nacho kikahesabiwa kuwa mlango wa saikoanalisi.

Iko habari moja katika kisa hicho isiyotiliwa maanani ipasavyo. Katika ugonjwa wake, Anna O. alipotewa na Kijerumani, lugha ya nyumbani kwao, na kwa muda mrefu akawa anasema Kiingereza tu. Ndiyo maana jina alilolipa tiba hiyo, yaani tiba ya kuzungumza, alilitoa kwa Kiingereza. Basi mgonjwa wa kwanza wa tiba hii ndiye aliyeibatiza, tena kwa lugha ya kigeni, kwa kuwa lugha ya mama ilikuwa imeshikamana na maumivu yake. Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba alipona mara moja kama kitabu kilivyodai. Uchunguzi wa baadaye wa mwanahistoria Henri Ellenberger ulithibitisha kwamba mwaka 1882 alilazwa katika nyumba ya wagonjwa huko Uswisi. Alipata nguvu polepole, na mwaka 1904 akaanzisha shirika la wanawake Wayahudi wa Ujerumani. Tangu mwanzo wake, basi, tiba ya maneno ilikuwa na fadhila zake na majivuno yake.

3. Njia tatu kuu

Freud alijenga nadharia yake juu ya fikra zisizo wazi kwa mwenyewe: ndoto, kuteleza kwa ulimi, matamanio yaliyozimwa. Kwake, mtabibu ni mfasiri, na mgonjwa ni kama matini ya kufasiriwa.

Njia ya pili ilitoka kwa wataalamu wa tabia. Hapa Afrika ina sehemu yake, ingawa husahauliwa. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alihudumia askari waliovurugwa na hofu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliona kwamba kuwapa dawa ili wasimulie yaliyowapata hakukuwaletea nafuu ya kudumu. Baada ya majaribio aliyowafanyia paka huko Johannesburg, alibuni mbinu ya kumzoesha mgonjwa hatua kwa hatua: hulegeza mwili, kisha huwaza jambo linalomtisha kidogo, kisha linalomtisha zaidi, mpaka hofu ikome. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Katika mbinu hii maneno hupungua, na zoezi huchukua nafasi yake.

Njia ya tatu ni ya fikra. Aaron Beck wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, alifunzwa saikoanalisi. Katika miaka ya 1960 alitambua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito hujisemea moyoni maneno ya kujidhalilisha, nao huyaamini bila kuyapima. Tiba aliyoasisi humfundisha mgonjwa kuyakamata maneno hayo na kuyadai ushahidi. Kando ya hizo tatu alisimama Carl Rogers, ambaye tangu mwaka 1942 alifundisha kwamba kinachoponya ni heshima ya mtabibu na uwezo wake wa kusikiliza bila kuhukumu, kuliko ufundi wake.

Mwaka 1952 Hans Eysenck wa London alizusha ubishi mkubwa alipodai kwamba karibu theluthi mbili za wagonjwa hupata nafuu katika miaka miwili, wawe wametibiwa kwa tiba hizo au la. Takwimu zake zilipingwa kwa sababu za haki. Hata hivyo, tangu hapo hapana mbinu iliyoweza kukwepa swali hili: ushahidi wako ni upi?

4. Afrika: kutoka kupimwa hadi kusikilizwa

Wakati mijadala hiyo ikiendelea Ulaya na Marekani, Mwafrika alipimwa zaidi ya alivyosikilizwa. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari huko Nairobi, aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka mwaka 1953. Humo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akasema kwamba huzuni nzito ni adimu kwa Waafrika. Kosa lake si la chuki peke yake, ni la njia pia. Mgonjwa asiyeulizwa kwa lugha yake ana huzuni gani, huandikwa kwamba hana huzuni.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 1953, Frantz Fanon alifika katika hospitali ya Blida huko Aljeria. Alikuwa amefunzwa na François Tosquelles, huko Saint-Alban nchini Ufaransa, mbinu ya kuigeuza hospitali iwe jamii inayoponya: mikutano, sherehe, gazeti la wagonjwa. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu mbinu hiyo ilistawi. Katika wodi ya wanaume Waislamu ilianguka. Mwaka 1954 Fanon na msaidizi wake Jacques Azoulay walichapisha makala wakieleza wazi sababu za kushindwa huko. Waliingiza desturi za Kifaransa mahali pasipo pake, na walizungumza na wagonjwa kupitia wakalimani. Mkalimani huyapitisha maneno, lakini katika kupita huko mengi humwagika. Tena katika koloni, mkalimani humkumbusha mgonjwa polisi na mahakama. Baadaye wakafungua mkahawa wa desturi za nchi, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakaleta msimulizi wa hadithi. Ndipo wodi ilipoanza kuchangamka. Mwishoni mwa mwaka 1956 Fanon alijiuzulu, akiona kwamba haiwezekani kumrudishia mtu akili timamu katika nchi inayomnyima utu.

Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria wa Abeokuta, alianza huko Aro mpango wa namna nyingine. Wagonjwa walikaa katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake. Mchana walikwenda hospitali kutibiwa, jioni walirudi kijijini. Lambo aliwashirikisha pia waganga wa jadi. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi 1978, Henri Collomb aliongoza kliniki ya Fann huko Dakar, ambako wagonjwa, jamaa zao na wauguzi waliketi pamoja katika baraza kama lile la kijiji cha Kiwolof. Kutoka Fann lilizaliwa mwaka 1965 jarida la Psychopathologie africaine.

5. Kongo na jirani zake

Sisi wa Kongo hatuna haja ya kwenda Dakar kutafuta ushahidi. Victor Turner alikaa na Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia ya leo katika miaka ya 1950. Hao ni watu ambao mapokeo yao huwarudisha kwa Mwant Yav, katika Katanga. Aliona jinsi katika ngoma ya ihamba mganga anavyolitoa jino la mwindaji marehemu kutoka katika mwili wa mgonjwa. Lakini kabla ya jino kutoka, wanakijiji huitwa mmoja mmoja waseme vinyongo vyao mbele ya watu. Turner alitambua kwamba anayetibiwa ni kijiji kizima kupitia mwili wa mtu mmoja.

Naye John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya Bas-Zaire, leo Kongo Central, alionyesha kwamba ugonjwa ukizidi, uamuzi hutoka mikononi mwa mgonjwa peke yake. Wajomba, ndugu na marafiki hukutana, hujadili, huchagua kati ya zahanati, mganga na nabii, kisha hukutana tena. Mtabibu aliyefunzwa kumpokea mgonjwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa anaweza kuwaona jamaa hao kuwa kero. Kumbe hao ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, tusiipambe jadi kupita kiasi. Katika jina la uponyaji wako wagonjwa waliofungwa minyororo, na katika miji yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa tuhuma za uchawi. Ukoo unaoponya unaweza pia kuhukumu. Kwa hiyo swali la Eysenck linawahusu mganga wa jadi na mtaalamu wa chuo kikuu kwa usawa.

Jibu moja lilipatikana hapa kwetu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass juu ya wanawake 405 wa mashariki mwa Kongo walionusurika ukatili wa kingono. Katika vijiji 7 wanawake 157 walipewa tiba ya fikra iliyoasisiwa Marekani na Patricia Resick: kikao 1 cha faragha na vikao 11 vya kikundi. Katika vijiji 8 wanawake 248 walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Tiba haikutolewa na madaktari, bali na wasaidizi wa hapohapo waliofunzwa, kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi ya kuandika yaliondolewa, na mafunzo yakawekwa katika maneno mepesi ya kukariri. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za kutosha za huzuni nzito au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la tiba ya fikra, na asilimia 42 katika kundi la pili. Si wote waliofuatwa hadi mwisho, na matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Lakini yanatosha kuivunja dhana kwamba mwanamke wa kijijini hafai kwa tiba ya fikra. Aliyejisemea "kosa lilikuwa langu" aliweza kulipima neno hilo na kulikataa, mradi aliulizwa kwa lugha aliyojisemea.

6. Swali linalowahusu wanalugha

Huko Harare, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wazee kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Ugonjwa hawakuuita kwa jina la Kizungu. Waliuita kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Hatua ya kwanza ya tiba waliiita kuvhura pfungwa, yaani kuifungua akili. Msemaji wa Kiswahili anaielewa fikra hiyo bila mwalimu, maana naye husema kwamba mtu "ana mawazo mengi" akimaanisha zaidi ya kufikiri.

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Mwanafunzi wa saikolojia nchini mwetu hufunzwa kwa Kifaransa, kisha hukutana na mgonjwa anayenena Kiswahili. Akilifasiri jina la ugonjwa kwa "huzuni", amelipunguza, kwani huzuni ni haki ya kila aliyefiwa. Akisema "wazimu", amemfukuza mgonjwa. Akichukua "sonona" ya kamusi za Tanzania, huenda asieleweke Lubumbashi wala Bukavu. Hata neno la mtabibu lina mitego: munganga katika Kiswahili cha Kongo ni daktari wa hospitali, na yule ambaye kamusi za pwani humwita mganga wa kienyeji, hapa wengi humwita mufumu. Istilahi zinazoundwa mezani, bila kusikiliza jinsi watu wanavyoyataja maumivu yao, zitakuwa mkalimani mwingine wa Blida.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya tiba ya nafsi si historia ya nadharia zinazopokezana peke yake. Ni historia pia ya nani anayepewa ruhusa ya kusema, na kwa lugha ipi. Carothers hakusikiliza, akakosea. Fanon alikosea, kisha akasikiliza. Lambo na Collomb waliwakaribisha jamaa, na wasaidizi wa Kivu walizibeba mbinu za mbali kwa maneno ya karibu. Basi idara za Kiswahili na za saikolojia katika vyuo vikuu vyetu hazina budi kuketi meza moja: hao wakileta mbinu na vipimo, hawa wakileta maneno yaliyokusanywa vinywani mwa watu, katika migodi ya Katanga, masoko ya Kisangani na kambi za wakimbizi za Kivu. Bila kazi hiyo, mgonjwa wetu ataendelea kujibu maswali ambayo hakuulizwa kwa lugha yake, nasi tutaendelea kuandika kwamba hana la kusema.