Woki (besiboli)

Woki ni haki ya mpigaji wa besiboli kwenda kituo cha kwanza bila kupiga mpira, baada ya mrushaji kurusha mipira minne iliyopita nje ya eneo halali na mpigaji asiijaribu. Vituo vyote vikiwa na wakimbiaji, kila mmoja husogea mbele na aliyekuwa kituo cha tatu hufunga pointi.

Nchini Marekani mwaka 1879 ilihitajika mipira tisa. Minne ikawa kanuni mwaka 1889. Kwenye takwimu woki huandikwa BB, wala haihesabiwi kuwa zamu rasmi ya kupiga. Kwa hiyo haipandishi wala kushusha wastani wa mpigaji, na ndiyo maana ilidharauliwa mno, isivyo haki.

Mpigaji hatari huweza kupewa woki kwa makusudi. Mpigaji Barry Bonds alipata woki 232 mwaka 2004, 120 kati yake za makusudi. Tarehe 28 Mei 1998, wapinzani wake, timu ya Arizona, wakiongoza 8–6, walimpa woki huku vituo vyote vimejaa. Waliona heri kupoteza pointi moja, na wakashinda 8–7. Tangu 2017 katika Ligi Kuu ya Besiboli (MLB), ili kutoa woki ya makusudi, ishara ya kocha kwa mwamuzi inatosha, bila kurusha hata mpira mmoja.