Malazi ya Kasese na Bwera: Chumvi, Shaba na Theluji

Malazi ya wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, yalifuata mizigo. Chumvi ya Katwe, shaba ya Kilembe, kahawa ya milimani na bidhaa za mpaka wa Mpondwe zilileta kila moja watu wake, na watu hao walihitaji pa kulaza ubavu. Mandhari ilikuwepo wakati wote huo: theluji ya Rwenzori kwa juu, nyika na maziwa ya Edward na George kwa chini. Kuiuza mandhari yenyewe, kwa bei ya chumba kwa usiku, ni biashara ya juzijuzi tu.

Msafiri wa kwanza kulala huku kwa mazoea alikuwa mchuuzi wa chumvi. Katwe ni ziwa dogo lililotuama ndani ya shimo la volkano, karibu kabisa na Ziwa Edward, na chumvi yake ilisafirishwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu hadi Nkore, Toro, Bunyoro na ng'ambo ya ziwa, ambako leo ni Kongo. Hapakuwa na nyumba ya kulipia. Palikuwa na desturi ya kuchanjiana, ambayo Wanyoro na Watoro huiita omukago: watu wawili wa koo tofauti walionjana damu wakawa ndugu, na tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa na haki ya chakula, moto na kitanda kwa mwenzake. Mfanyabiashara mwenye ndugu wa namna hiyo kila baada ya mwendo wa siku moja hakuwa na haja ya hoteli. Mfumo huo ulikuwa imara kuliko unavyoweza kudhaniwa, maana aliyeusaliti alitarajiwa kupatwa na maafa, yeye na kizazi chake.

Aliyeishika Katwe alishika ushuru wa chumvi, na kwa sababu hiyo Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro aliweka huko askari wake, Warasura. Msafara wa Henry Morton Stanley ulipita hapo mwaka 1889, ukiwa njiani kurudi pwani pamoja na Emin Pasha. Wengi wa waliobeba mizigo ya msafara huo walikuwa Wazanzibari. Stanley alikuwa ameajiri zaidi ya mia sita Unguja mwanzoni mwa mwaka 1887, na waliofika Katwe ni wale waliosalimika na njaa na mishale ya msitu wa Ituri. Mwaka mmoja kabla, Mei 1888, mtoto mmoja katika msafara alimwonyesha Stanley mlima kwa mbali akasema umefunikwa na chumvi. Ilikuwa theluji ya Rwenzori. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliitwaa Katwe, akajenga ngome aliyoiita Fort George na kumweka Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro. Ngome hiyo ilikuwa makao ya kwanza ya Wazungu katika eneo hili. Aliyelala humo alilala na bunduki.

Juu milimani Wakonzo walikuwa na malazi yao tangu zamani. Wawindaji wa pimbi na paa walilala chini ya miamba iliyochomoza kama paa la nyumba, wakakoka moto mdomoni mwa pango na kutandika majani makavu. Bujongolo, kwenye kimo cha karibu meta 3,800, ilikuwa mojawapo ya miamba hiyo. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, aliigeuza kuwa kambi yake kuu. Alikuja na waongozaji wa milima kutoka Courmayeur, mpigapicha Vittorio Sella, mahema na vitanda vya kukunjwa. Wakonzo waliomfikisha hapo walijibana chini ya mwamba uleule uliokuwa wao. Tarehe 18 Juni alifika kileleni, meta 5,109, akakipa kilele jina la Malkia Margherita wa Italia na pacha wake jina la Malkia Alexandra wa Uingereza. Majina hayo yamedumu. La mwamba limedumu pia, na hilo lilikuwa la Wakonzo.

Nusu ya kwanza ya karne ya 20 haikuleta mengi kwa upande wa malazi. Ugonjwa wa malale uliwafanya Waingereza kuwahamisha watu kutoka kando za maziwa, na ardhi iliyoachwa wazi ikageuka kuwa mapori ya wanyama. Makao ya serikali yalikuwa Fort Portal. Afisa aliyekuja huku kukagua kodi au pamba alilala katika kambi ya mapumziko ya miti na nyasi ambayo watu wa chifu walitakiwa kuitunza, na ambayo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuitumia.

Kilichobadilisha mambo ni shaba. Mgodi wa Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, ulianza kujengwa kwa mtaji wa Kanada katika miaka ya 1950, na mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese ili kuchukua madini hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja. Kasese yenyewe ni mtoto wa reli hiyo. Wahandisi, mafundi, makarani na wachuuzi walishuka kwenye treni usiku wakiwa wamechoka na vumbi, na mji ukawajengea vyumba. Wachimbaji walikaa katika nyumba za kampuni bondeni. Wakubwa na wageni wao walitafuta pazuri zaidi. Kwenye barabara ya kwenda Kilembe, nje kidogo ya mji, ndipo ilipojengwa hoteli ya serikali iliyopewa jina la kilele, Margherita. Veranda yake ilielekezwa milimani. Ila Rwenzori haina ukarimu kwa watazamaji. Mawingu huifunika siku nyingi za mwaka, na mgeni aliyekuja kutazama theluji huweza kukaa juma zima akitazama ukungu.

Upande wa kusini kulikuwa na mradi mwingine. Mwaka 1952 mapori ya Ziwa George na Ziwa Edward yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Kazinga, na mwaka 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alipozuru Uganda, hifadhi ikabadilishwa jina na kuwa ya Queen Elizabeth. Makao yake makuu na loji yake viliwekwa Mweya, rasi nyembamba inayotazama Mlango wa Kazinga, mkondo wa maji unaounganisha maziwa hayo mawili. Mweya ni mahali pa kwanza wilayani ambapo mandhari ndiyo iliyokuwa sababu ya kujenga. Viboko hutoka majini usiku kula majani kandokando ya vyumba, ngiri hupiga magoti kwenye bustani, na nguchiro wenye milia hukatiza mbele ya meza za chai wakiwa kundi zima, baadhi wamevalishwa kola na watafiti ambao wamewafuatilia hapo tangu miaka ya 1990. Lakini mgeni wa Mweya wa miaka ile ya mwanzo alitoka Nairobi, Entebbe au Ulaya. Wavuvi wa Katwe, Kazinga na Katunguru, ambao vijiji vyao vilibaki kama visiwa ndani ya hifadhi, waliiona loji kutoka majini.

Wapanda milima nao walichoka kulala mapangoni. Chama cha wapanda milima cha Uganda, ambacho wanachama wake walikuwa hasa Wazungu wa Kampala na Entebbe, kilijenga vibanda vya mabati na mbao katika miaka ya 1940 na 1950: Nyabitaba, Bujuku, Kitandara, na Elena iliyo juu ya meta 4,500 karibu na barafu. Kila bati na kila ubao ulipandishwa na Mkonzo, mgongoni, kupitia matope yanayofika gotini. Aliyewapanga wapagazi hao kutoka Ibanda kwa miaka mingi ni John Matte, na mpandaji aliyetaka kwenda Rwenzori alimwandikia barua kwa sanduku la posta la Kasese. Kibanda kimoja leo kina jina lake. Katika orodha ya majina ya Rwenzori, iliyojaa malkia na wapelelezi wa Ulaya, hilo ni miongoni mwa machache ya mtu aliyebeba mzigo.

Mwandishi wa habari Mwingereza Tom Stacey aliichagua njia tofauti. Mwaka 1954 alitembea vilimani akiongozana na Isaya Mukirania, mwalimu wa Kikonzo, wakilala vijijini kwa watu. Miaka minane baadaye, Juni 1962, Mukirania aliongoza kutangazwa kwa Rwenzururu kujitenga na ufalme wa Toro, na vita vya milimani vikadumu hadi 1982, mwanawe Charles Wesley Mumbere aliposhuka na kuweka silaha chini. Kati ya tarehe hizo mbili utalii ulidhoofika, kisha ukafa. Idi Amin aliipa hifadhi jina la Rwenzori na Ziwa Edward jina lake mwenyewe. Baada ya kuanguka kwake mwaka 1979, tembo na viboko waliuawa ovyo na wanajeshi na majangili. Kilembe ilisimamisha uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni ya abiria ikafuata njia hiyohiyo katika muongo uliofuata. Hoteli za serikali zilibaki na mashuka yaliyochanika na mabomba makavu hadi zilipouzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990.

Ufufuo ulianzia juu. Mwaka 1987 Wakonzo wa Ibanda waliunda shirika lao la huduma za kupanda mlima, Rwenzori Mountaineering Services, likachukua vibanda, waongozaji na wapagazi. Mlima ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na urithi wa dunia mwaka 1994. Kisha, tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walivamia Mpondwe na kuuteka mpaka kwa muda mfupi. Hifadhi ya mlima ilifungwa mwaka 1997 na haikufunguliwa hadi 2001. Baada ya hapo malazi ya wenyeji yalianza kuota karibu na lango la Nyakalengija, yakiwemo ya jumuiya ya Ruboni, ambako mgeni hupewa kibanda kinachotazama bonde na mapato huingia katika miradi ya kijiji. Kilembe, nako, majengo yaliyoachwa na mgodi yalipata vitanda na wageni: chumba cha mfanyakazi wa shaba kikawa cha mpanda mlima. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kusomba nyumba na madaraja. Mei 2020 ulirudi na kuiharibu hospitali ya Kilembe.

Historia ya Bwera ni ya namna nyingine, na haifai kupimwa kwa kipimo cha Mweya. Mji huu uko karibu na mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka. Ng'ambo ni Kasindi, na barabara inaendelea hadi Beni na Butembo. Wanande wa upande ule na Wakonzo wa upande huu ni ndugu wa lugha moja, hivyo kwa vizazi vingi aliyevuka alilala kwa shangazi au kwa shemeji. Loji zilikuja pale biashara ilipozidi idadi ya mashangazi. Kahawa, vitenge, mawese, samaki na saruji ya Hima vilileta madereva wa malori kutoka Mombasa, mawakala wa forodha na akina mama wa Butembo wenye mabunda ya nguo, na Kiswahili kikawa lugha ya ua wa loji.

Loji ya Bwera hujulikana kwa umbo lake. Vyumba hupangwa kuzunguka ua wa saruji, milango ikitazamana, ili mwenye mali aweze kuona magunia yake akiwa kitandani. Ndani kuna kitanda, chandarua kilichofungwa fundo, beseni, dumu la maji na kandambili ambazo mara nyingi ni za mguu mmoja. Mgeni huandikwa kwenye daftari: jina, atokako, aendako. Alfajiri ndoo ya maji ya moto huwekwa mlangoni, na kabla jua halijachomoza nusu ya vyumba vimeshakuwa vitupu. Madirisha ni madogo na yako juu, kwa kuogopa wezi. Milima ipo nyuma ya ukuta. Hakuna aliyelipa ili aione.

Kujaza nyumba za mandhari kwa wageni wa humuhumu kulichelewa kwa sababu ya sikukuu zenyewe. Krismasi na Pasaka Mganda wa mjini hurudi kijijini kwa wazazi. Kasese mgeni wa ndani amekuja kwa mlango mwingine: harusi, semina za mashirika, mikutano ya kanisa, na tangu 2022 mbio za Rwenzori Marathon, ambazo hujaza hoteli za mji kila mwaka. Baadhi ya wakimbiaji hao hubaki siku mbili tatu kwenda Mweya au Nyakalengija.

Biashara hii bado ni nyepesi kuvunjika. Mapigano ya Novemba 2016 kwenye ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, yaliyoua watu zaidi ya 100, Ebola iliyogunduliwa wilayani Juni 2019, shambulio la ADF dhidi ya shule ya Mpondwe Juni 2023 na mauaji ya watalii wawili na mwongozaji wao hifadhini Oktoba mwaka huohuo, kila tukio lilifuatwa na safari kufutwa. Barafu nayo imepungua kutoka zaidi ya kilomita 6 za mraba mwaka 1906 hadi chini ya 1, kwa hiyo vyumba vinavyotangazwa kwa theluji vinauza bidhaa inayokwisha. Loji za mpakani huathirika pia na vita na magonjwa, lakini hupona upesi zaidi: lango la Mpondwe likifunguliwa tu, malori hurudi, na vitanda vya Bwera hujaa kuanzia usiku wa kuamkia soko.