Nishani za Leif Larsen

Mtaje kwa jina tu katika visiwa vya Shetland: Larsen. Baharia huyu wa Norwei, aliyezaliwa Bergen mwaka 1906, alivuka bahari mara nyingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa mashua za uvuvi, akipeleka silaha na majasusi kwenye pwani ya nchi yake iliyotekwa na Wajerumani, na kurudi na wakimbizi. Safari zilifanywa zaidi majira ya baridi, kwa kuwa giza refu ndilo lililowaficha.

Oktoba 1942, mashua yake Arthur iliingia ghuba ya Trondheim, torpedo mbili za kuendeshwa na wapiga mbizi zikiburutwa chini ya maji. Lengo lilikuwa manowari ya Kijerumani Tirpitz. Bahari ilichafuka, torpedo zikakatika na kupotea. Wakaizamisha Arthur, wakatembea kwa miguu hadi Sweden. Mwingereza mmoja miongoni mwao alikamatwa akiwa amejeruhiwa, akauawa kwa risasi.

Kwa safari hiyo Larsen alipewa nishani ya CGM (Conspicuous Gallantry Medal), wa kwanza asiye Mwingereza kuipata. Mtafiti asome aina za nishani zake kama ngazi: CGM na DSM (Distinguished Service Medal) ni za mabaharia wa kawaida, DSC (Distinguished Service Cross) na DSO (Distinguished Service Order) ni za maofisa. Zote alizipata.

Wageni kama yeye mara nyingi hawakutangazwa katika gazeti rasmi la London. Ndiyo maana majalada ya ADM 1, yaani ya Wizara ya Majini ya Uingereza, katika Hifadhi ya Taifa huko Kew, ni mahali pazuri pa kuanzia utafiti.