Minyororo ya Nanga Katika Pori la Nachingwea

Katika miaka ya mwisho ya 1940, wasimamizi wa Mpango wa Karanga, mradi wa serikali ya Uingereza wa mashamba makubwa ya karanga Afrika, waliagiza minyororo ya meli kutoka Uingereza. Inasimuliwa kwamba maofisa wa London waliifuta oda hiyo wakidhani ni mzaha: bara kuna nanga gani? Kumbe mnyororo ulitakiwa ufungwe kati ya katapila mbili, zikienda sambamba uangushe miti.

Minyororo haikuwa kitu pekee kilichotolewa kwenye kazi yake na kupelekwa shamba. Mpango uliotangazwa mwaka 1947 ulilenga ekari zipatazo milioni 3.2 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu kubwa ilipangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, kitovu chake Nachingwea. Mitambo mipya ilikuwa adimu, kwa hiyo yakanunuliwa matrekta chakavu ya jeshi yaliyoachwa Ufilipino. Kampuni ya Vickers nayo ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeonyesha kwamba injini moja inaweza kutumwa kazi nyingi. Dizeli ya General Motors 6-71, yenye silinda sita, ilifungwa mbilimbili katika vifaru vya Sherman M4A2. Hiyo hiyo, ikiandaliwa na kampuni ya Gray Marine, iliendesha boti za kuteremshia askari ufukweni. Chuma ni kile kile. Tofauti ilikuwa katika vitu vilivyoizunguka.

Injini ya gari hupozwa na rejeta inayopigwa na upepo. Ndani ya boti upepo huo haupo, hivyo pampu huvuta maji ya bahari yakapoze maji safi yanayozunguka ndani ya injini, na bomba la moshi nalo huvikwa koti la maji ili lisiunguze mbao. Maji ya chumvi hula chuma, ndiyo maana sehemu zinazoguswa nayo hutengenezwa kwa shaba na aloi zake. Kwa injini ya petroli kuna hatari nyingine: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini ya boti, kwa hiyo stata na alternata hufunikwa zisitoe cheche. Ukifunga alternata ya gari kwenye boti ya petroli, umeweka kiberiti chumbani.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mzigo. Gari hupanda mlima kisha likapumua mteremkoni. Boti haina mteremko. Maji huisukuma nyuma muda wote. Katapila inayong'oa visiki nayo haina mteremko. Kwa uzito wa kazi, pori la Nachingwea lilidai uvumilivu wa injini ya baharini, ila bila bahari ya kuipoza, na kwa vumbi ambalo injini ya boti hailijui kabisa. Chujio la hewa lililosahauliwa huruhusu mchanga ndani, pete za pistoni na kuta za silinda zikalika, nguvu ikaisha.

Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha 1947, kule Kongwa ambako Mpango ulianzia, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi. Lawama nyingi ziliwaangukia madereva wasiofunzwa. Mafunzo yalikosekana kweli, lakini kumtwika dereva lawama zote ni uonevu: alikabidhiwa chuma kilichochoka kabla hakijavuka bahari.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja Mpango, na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa hasara. Reli iliyojengwa kufika Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, inapakia korosho, na za Nachingwea na wilaya jirani ya Ruangwa huteremka kwa malori.