F-5 ya Nanyuki ilitua bila mabomu

Wasee, F-5E yangu ya plastiki imeisha hapa Kitale, na jamaa wa Bungoma anataka niijaze makombora ndio ikae kali. Zii. Hii ni ya Nanyuki, Agosti 1, 1982. Wanajeshi walioasi waliwalazimisha marubani wapae na mabomu wakapige Nairobi. Marubani wakayaangusha kwa msitu wa Mlima Kenya, wakageuza. Sasa nionyeshe saa gani? Ikipaa, mabomu chini ya mabawa. Ikitua, hakuna, imebaki tu na mizinga miwili ya milimita 20 puani. Nimechagua kutua. Eti inakaa tupu! Si hiyo ndio stori yenyewe, buda? Makombora ya boksi bado yako kwa droo.