Upakuaji wa muziki na jina la mwimbaji

Kwa miaka mingi, Mkenya aliyetaka kuujua wimbo mpya alitegemea uteuzi wa mtu mwingine: mtangazaji wa Sauti ya Kenya, au muuza santuri wa River Road, Nairobi, aliyeucheza dukani hadi wapita njia wakasimama. Msikilizaji hakuwa na hiari kubwa, lakini mtangazaji alimtajia mwimbaji na bendi.

Upakuaji uliupindua utaratibu huo. Muundo wa MP3, uliotokana na utafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, uliufinya wimbo hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, hata ukaweza kupita katika laini ya simu. Juni 1999, Napster ikaanza nchini Marekani. Aghalabu hukumbukwa kwa kesi za hakimiliki zilizosababisha kufungwa kwake Julai 2001. Lililokuwa jipya zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba aliyeupata wimbo kwa mtu fulani aliweza kuipekua hazina yote ya mtu huyo, mithili ya mgeni anayepekua santuri sebuleni mwa mwenyeji. Aliyekuja kutafuta jazi angeweza kuondoka na rumba.

Duka la iTunes, lililofunguliwa Aprili 2003, liliuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za Marekani. Mnunuzi hakulazimika tena kuinunua albamu nzima. Wala hakukutana na wimbo wa nane ambao hakuutarajia.

Hata hivyo, kisanduku cha kutafutia hudai jina. Nchini Kenya nyimbo nyingi zilienea kupitia vibanda vya intaneti na kadi za simu, faili zikiwa na majina yaliyokosewa au nambari tupu. Chukua "Malaika", ulioimbwa na Miriam Makeba, Boney M na wengine wengi. Faili yenye jina la Makeba pekee haimwambii kijana kwamba Fadhili William aliurekodi mapema, wala kwamba wapo wanaoshikilia kuwa mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania.

Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, imemrejesha mteuzi: programu inayopendekeza nyimbo kwa kufuata mazoea ya msikilizaji. Mteuzi huyu kwa kawaida hasemi kitu. Huonyesha jina aliloandikiwa na aliyeupakia wimbo, na likikosewa hapo, hukosewa kwa kila anayependekezewa.