Neno "Laini" katika Historia ya Tumbaku

Miongoni mwa sifa zinazopewa tumbaku, hakuna iliyosafiri mbali kama ulaini. Mtu asiyezoea akiuliza biri ipi imfaayo, yaani ile sigara nene isokotwayo kwa majani matupu bila karatasi, aghalabu hujibiwa: chukua iliyo laini. Sisi walimu wa lugha yatupasa kuuliza: neno hili linashuhudia nini, na halishuhudii nini?

Mabaharia wa Columbus waliwakuta wenyeji wa Kuba wakivuta majani yaliyosokotwa mnamo mwaka 1492. Zao hilo lilivuka bahari pamoja na jina lake, na hata leo sauti ya neno la Kihispania "tabaco" yasikika katika "tumbaku" yetu. Nchini Rwanda huitwa "itabi", na kiko chake huitwa "inkono y'itabi", maana yake chungu cha tumbaku. Wazee wa kiume na wa kike wamekivuta tangu zamani. Richard Kandt, Mjerumani, alipouasisi mji wa Kigali mwaka 1907, walifika pia wafanyabiashara na askari waliosema Kiswahili. Hivyo maneno hayo mawili, tumbaku na itabi, yakawa majirani katika mji mmoja.

Watu wa pwani walikuwa na chombo chao, kiko cha maji. Tumbaku ilitiwa katika bori. Moshi ukashuka kwa digali hadi kwenye maji, kisha ukavutwa kwa shilamu. Mlio wa maji yakitokota uliitwa malio ya kiko. Maji yaliupoza moshi, nao ukapita kooni pasipo kuwasha. Huo nao ulikuwa ulaini, uliopatikana kwa ufundi wa chombo.

Katika biri, ulaini hutafutwa kwenye jani lenyewe. Majani ya juu ya mche hupata jua jingi na huwa makali. Ya chini huwa mapole. Baada ya kukaushwa, hupangwa marundo yachachuke kwa miezi mingi, na ule ukali wa amonia hupungua. Mwonjaji naye ana taratibu zake. Kwanza hulitazama jani la nje kama limekaza bila mishipa minene. Huibonyeza biri kwa vidole, huinusa, kisha huvuta hewa kabla ya kuwasha. Akishawasha, huuzungusha moshi kinywani bila kuumeza, akipima theluthi ya kwanza, ya pili na ya mwisho, kwa kuwa ukali huongezeka kadiri biri inavyofupika. Akisema ni laini, ana maana kwamba haichomi ulimi wala haikwaruzi koo. Wala hasemi kwamba ladha yake ni haba: biri laini yaweza kuwa na harufu ya mbao, ya njugu au ya malai. Ulaini si uchapwa.

Hadi hapo neno limetumika kwa haki. Tatizo huanza linapotoka ulimini na kutoa hukumu juu ya afya. Moshi wa biri kwa kawaida una ualkali, kwa hiyo nikotini hupenya ndani ya mwili kupitia kinywa, hata kama mvutaji hamezi moshi. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Saratani ya kinywa na ya koo haichagui kati ya biri kali na biri laini. Katika karne ya 20 makampuni yaliuza sigara kwa majina ya "laini" na "nyepesi", na wavutaji wengi wakaamini kwamba wamepunguza hatari, kumbe walivuta kwa nguvu zaidi ili watosheke. Ndiyo sababu Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, unalitaja neno "laini" miongoni mwa yale yanayoweza kumpotosha mnunuzi. Rwanda iliuridhia mwaka 2005, ikatunga sheria yake ya tumbaku mwaka 2013, na mwezi Desemba 2017 ikapiga marufuku shisha, ambayo ni mjukuu wa kiko cha maji na mrithi wa sifa ileile ya ulaini.

Mwaka huohuo wa 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda. Lugha rasmi ndiyo inayoandika sheria, matangazo na maonyo, nayo haiwezi kuliachia neno moja libebe maana nne. Yafaa basi wanafunzi wetu wazoezwe kupambanua "laini", "hafifu", "nyepesi" na "salama". Mwalimu na aandike ubaoni sentensi mbili: "Biri hii ni laini" na "Biri hii haina madhara". Kisha awaulize nani ana haki ya kusema ya kwanza, na nani awezaye kuthibitisha ya pili. Watagundua wenyewe kwamba ya kwanza yamtosha mwenye ulimi, na kwamba ya pili hakuna tabibu atakayeitia sahihi.